Vitabu vya sosholojia ya miji: kipi ununue kwanza

Ukiwa na fedha ya kitabu kimoja tu cha sosholojia ya miji, na mji unaokuhusu ni Dar es Salaam, nunua Changing the Rules cha Aili Mari Tripp. Ukipata ya cha pili, ongeza Taken for a Ride cha Matteo Rizzo, uvisome kwa zamu, maana vinabishana, na katika ubishi wao ndimo mtu anapojifunza kuutazama mji. Vile vinavyotangulia kwenye silabasi nyingi nimeviweka nyuma, na nitaeleza sababu.

Mimi ni afisa maendeleo ya jamii ngazi ya kata, upande wa Temeke, na jioni nasoma shahada ya uzamili. Mchana nakaa na vikundi vya mikopo, mama lishe, vijana wa bodaboda, wapangaji wanaogombana na mwenye nyumba juu ya umeme na maji. Jioni naambiwa nichague kitabu cha kuandikia insha. Kwa hiyo nina kipimo changu, na kila kitabu cha mji nakipitisha hapo: kinakijua chumba cha kupanga? Nani mwenye nyumba, nani analipa kodi, fedha ya kodi imetoka wapi, na akishindwa nani anamtoa. Kitabu kinachoweza kuingia chumbani kwa heshima na kutoka na ushahidi, hicho nakiamini hata kikizungumzia mambo makubwa ya serikali na dunia.

Silabasi nyingi huanzia kwa wanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani. Louis Wirth aliandika makala yake mwaka 1938, na hoja yake ni rahisi kuishika: mji ni wingi wa watu, msongamano, na mchanganyiko wa watu wasiofanana. Mambo hayo matatu yakikutana, udugu na ujirani hulegea, watu wakawa wanajuana kwa shughuli tu. Ni makala fupi, imeandikwa vizuri, na anayetaka kubishana juu ya mji lazima aipitie. Miaka 13 kabla yake Ernest Burgess, katika The City, kitabu alichokitoa pamoja na Robert Park, aliuchora mji kwa duara zilizozungukana: biashara katikati, kisha ukanda wa mpito, wa wahamiaji na nyumba chakavu, kisha makazi ya wafanyakazi, na kuendelea hadi kwa wenye nafasi wanaokaa nje na kuja mjini kila siku.

Hawa usiwanunue mmoja mmoja. The City Reader, mkusanyiko uliohaririwa na Richard LeGates na Frederic Stout, unao Wirth na Burgess, na humo humo utamkuta Engels akiwa Manchester na Jane Jacobs akitetea mitaa yenye watu. Umetoka matoleo kadhaa. Toleo la zamani lililokwisha tumika linatosha kabisa, kwa sababu unachokitafuta humo ni maandiko ya zamani.

Sasa mchukue Burgess umweke juu ya ramani ya Dar. Duara zake zinatokana na ushindani wa ardhi, mwenye uwezo anamsukuma asiye nao. Kwetu mistari ilichorwa na serikali. Sheria za ujenzi, za Wajerumani na baadaye za Waingereza, ziligawa mji kwa aina ya nyumba iliyoruhusiwa mahali, na aina ya nyumba ikafanya kazi ya kutenga watu kwa rangi: Uzunguni upande wa baharini, Uhindini katikati, Uswahilini kuanzia Kariakoo, na Mnazi Mmoja pakaachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo. Mwanafunzi anayesoma Burgess bila kuambiwa haya ataandika kwamba Kariakoo ni ukanda wa mpito, atapewa alama zake, na hatajua kwamba mpaka aliouona ulitokana na amri. Hili linaniumiza, kwa sababu ninao vijana wanaofanya mazoezi ya kazi ofisini kwetu, wana akili nzuri, na wanaijua Chicago ya 1925 kuliko Ilala waliyozaliwa.

Ndiyo maana kabla ya nadharia yoyote namwelekeza mtu kwa Leslie. J. A. K. Leslie alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni. Utafiti wake ulifanyika miaka ya 1956 na 1957, na A Survey of Dar es Salaam kikachapishwa na Oxford mwaka 1963, bendera imeshabadilika. Mji aliouandika ulikuwa na watu takriban 130,000. Sensa ya 2022 imehesabu zaidi ya milioni 5.3 mkoani. Utadhani kitabu cha namna hiyo kimekufa, lakini soma anapoieleza nyumba. Ile nyumba ya Kiswahili tunayoijua, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani kwa nyuma, anaiona kuwa ni njia ya mtu wa kawaida kujipatia kipato: mwenyewe anakaa chumba kimoja, vingine anapangisha. Wapangaji wanatoka makabila mbalimbali, na wote wanapita korido ile ile na kutumia ua ule ule.

Hapo ndipo Wirth anapopata jibu lake. Nimekulia Magomeni katika nyumba ya namna hiyo. Wingi ulikuwapo, msongamano ulikuwapo, mchanganyiko ulikuwapo: Mzaramo, Mnyamwezi, Mpemba, Mchaga, korido moja. Na mtu akiugua usiku, aliyebisha hodi kwanza alikuwa mpangaji wa chumba cha pili, ndugu walifika kesho yake. Ujirani ule ulikuwa na misingi yake: ndoo za maji, zamu ya kufagia uani, mama mwenye nyumba anayejua kodi ya nani imechelewa na kwa nini. Nadharia ya mji isiyo na nafasi ya korido hiyo ina pengo kubwa.

Udhaifu wa Leslie ni sauti yake. Ni sauti ya mtawala, anawapanga watu kwa makabila na kuwatolea hukumu kwa ujasiri ambao leo unakera. Msome ukiwa macho. Na kukinunua si rahisi. Uliza maktaba, na sehemu ya East Africana ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndipo pa kuanzia.

Vitabu viwili vya wanahistoria vinakaa vizuri karibu na Leslie. African Underclass cha Andrew Burton, cha mwaka 2005, kinakwenda kuanzia 1919 hadi 1961 na kuonyesha serikali iliyotaka nguvu ya Mwafrika mjini bila kumtaka Mwafrika mwenyewe akae. Vijana wasio na kazi ya kuandikishwa waliitwa wahuni, wakasakwa, wakarudishwa makwao. Taifa cha James Brennan, cha 2012, kinashughulika na rangi na uraia, na kwa upande wa nyumba ndicho kinachonisaidia kuelewa hasira iliyojengeka kati ya wapangaji wa Kiafrika na wenye majengo wa Kihindi miaka mingi kabla ya sheria ya 1971 iliyotaifisha majengo ya kupangisha. Vyote viwili vimejaa kumbukumbu za ofisi za serikali, na asiyezoea atachoka njiani. Anayefanya kazi na vijana au ulinzi wa mtaa achukue Burton. Anayeshughulika na ardhi na majengo achukue Brennan. Asiyetaka kujifunga na mmoja, wapo wote wawili, pamoja na Yusuf Lawi, kama wahariri wa Dar es Salaam: Histories from an Emerging African Metropolis, kilichochapishwa hapa hapa na Mkuki na Nyota mwaka 2007. Kina sura za waandishi mbalimbali, unachukua unayoihitaji.

Nirudi kwa Tripp, kwa sababu ndiye niliyemtaja kwanza na sijamtendea haki bado.

Changing the Rules kilitoka University of California Press mwaka 1997, lakini utafiti wenyewe ni wa mwishoni mwa miaka ya 1980, Manzese na Buguruni. Wanaoikumbuka miaka ile wanajua: maduka matupu, foleni za sukari, mshahara wa serikali unaokwisha mwezi haujafika popote. Tripp aliuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye nyumba ya kulisha angeliuliza: basi watu wanakula nini? Akaenda majumbani kutafuta jibu. Akawakuta watumishi wa umma wenye kuku uani, walimu wanaouza vitumbua, wanawake wenye upato, wanaume walioacha kazi za kuajiriwa kwa sababu biashara ndogo ilikuwa inalipa zaidi. Kila nyumba ilikuwa na miradi. Na mara nyingi fedha ya mke na ya watoto ndiyo iliyoshika nyumba, mshahara wa baba ukawa nyongeza.

Kutoka hapo anajenga hoja yake kubwa. Watu hawakuandamana, hawakuunda chama. Waliendelea tu kufanya yaliyokatazwa, kwa wingi na kila siku, hadi serikali ikalegeza kamba yenyewe. Mwaka 1983 ilikuja Nguvu Kazi, kampeni ya kuwakamata waliohesabiwa kuwa hawana kazi mjini na kuwapeleka vijijini na mashambani, na haikudumu, kwa sababu waliokamatwa walirudi na kwa sababu kila mtu, hata aliyekamata, alikuwa na ndugu anayeishi kwa genge au kibanda. Mwaka huo huo mabasi ya watu binafsi, yaliyokuwa yakibeba abiria kwa kujificha, yakaruhusiwa. Hata miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha, iliyomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba ya kupangisha, ikalegezwa katika kikao cha CCM kilichofanyika Zanzibar mwaka 1991. Unaona chumba cha kupanga kimefika mpaka kwenye Azimio. Ni nadra mwandishi akutoe uani Manzese akufikishe kwenye sera ya taifa na njia yote uione.

Kwa kazi yangu, sura zake kuhusu kipato cha wanawake ndizo ninazozirudia. Nikikaa na kikundi cha akina mama kinachoomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 iliyotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, naiona Manzese ya Tripp mbele yangu: upato uleule, hesabu zilezile za nani atoe wiki hii na nani asubiri. Kimeandikwa kwa Kiingereza cha kawaida, hakina vichaka vya istilahi, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kukimaliza.

Lakini kina kasoro moja, na Rizzo ndiye anayeifichua kwa kazi yake. Ukimsoma Tripp peke yake utaondoka na picha ya watu wa mjini wote upande mmoja, wajanja na wavumilivu, na serikali upande wa pili. Je, kati yao wenyewe? Yule anayemiliki na yule anayetumika?

Taken for a Ride kilitoka Oxford University Press mwaka 2017, baada ya Rizzo kufuatilia daladala za Dar tangu mwaka 1998. Kinamtazama konda na dereva wakiwa kazini. Tajiri ana gari. Dereva na konda hawana mkataba, na kila siku wanatakiwa kumpelekea hesabu, kiasi alichokipanga yeye. Wanaondoa mafuta, wanaondoa hesabu, kinachobaki ndicho chakula chao, na siku nyingine hakibaki kitu. Basi kukimbizana barabarani, kujaza abiria mlangoni, kumkataa mwanafunzi kwa sababu nauli yake ni nusu, yote hayo Rizzo anayaeleza kwa mkataba ule usioandikwa. Anawaleta deiwaka, wanaoshika gari kwa muda badala ya dereva au konda, na wapiga debe wa vituoni, kila mmoja na ujira wake mdogo. Anasoma maandishi ya nyuma ya magari, Maisha ni vita na mengine, kama ushahidi wa wafanyakazi wanavyoielewa hali yao. Kisha anafuatilia jinsi walivyojipanga katika chama chao, wakashirikiana na chama cha wafanyakazi wa usafirishaji, wakadai mikataba. Mwishoni anafika kwenye mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kubeba abiria mwaka 2016, na mabishano marefu yaliyotangulia juu ya nani atayamiliki na nani atapoteza kazi.

Niliposoma sehemu anayopinga takwimu za ajira, niliacha kitabu nikaenda kuzitazama fomu zetu. Konda akihesabiwa kama mtu aliyejiajiri, taifa zima linaonekana limejaa wajasiriamali, na dawa yao inakuwa mikopo na semina. Rizzo anaonyesha kwamba wengi wao ni waajiriwa wasio na mkataba. Kijana wa bodaboda anayekuja ofisini, pikipiki si yake, kila jioni anampelekea mwenyewe hesabu, naye tunamwandika mjasiriamali. Swali la kwanza ninalomuuliza siku hizi ni pikipiki ya nani, na majibu yanabadilisha kabisa ushauri ninaompa na kikundi ninachomwelekeza. Sijui kitabu kingine cha kitaaluma kilichogusa meza yangu ya kazi namna hiyo.

Kwa kipimo changu cha chumba, hata hivyo, Rizzo ana upungufu. Anamjua konda kuanzia alfajiri hadi gari linapolazwa. Akifika nyumbani, mwandishi anabaki barabarani. Nani amepika, mke anauza nini, kodi inatoka wapi, hayo ni ya Tripp. Ndiyo maana nasema vyote viwili. Bei ya Taken for a Ride ni kikwazo cha kweli: nakala mpya ya jalada gumu inazidi kodi ya mwezi ya chumba Buguruni. Mimi nilikisoma cha maktaba. Vikundi vya wanafunzi vichangishane, au mwalimu aombe maktaba ya chuo ikinunue.

Street Archives and City Life cha Emily Callaci, cha Duke mwaka 2017, ni cha ladha nyingine. Anauandika mji wa miaka ya Ujamaa, wakati siasa yote ilikuwa inasifu kijiji na vijana wanamiminika mjini, kwa kutumia vitu ambavyo hakuna ofisi iliyovihifadhi: riwaya fupi za mitaani zilizochapishwa na waandishi wenyewe, nyimbo za dansi, vijitabu vya Kikristo vya kuwashauri wasichana. Anawaheshimu waandishi wale kama watu waliokuwa wakifikiri juu ya mji kwa dhati, na anayesoma fasihi ya Kiswahili atafurahi kuliko sisi wa sosholojia. Kwa wanaotaka kujua mpangaji alikuwa anasoma nini kitandani kwake mwaka 1978, kipo hiki. Kwa mtu wa sera si cha kwanza.

Viwili vinavyotajwa sana nitavipita haraka. Planet of Slums cha Mike Davis, cha 2006, ni kitabu chenye hasira ya haki dhidi ya masharti ya mikopo ya IMF na Benki ya Dunia, kinasomeka kwa kasi, na kinakupa ukubwa wa tatizo duniani. Lakini kimetungwa kutoka ripoti na vitabu vya wengine, miji inapita dirishani, na husikii mtu akizungumza. For the City Yet to Come cha AbdouMaliq Simone, cha 2004, kina Pikine ya Senegal, Winterveld ya Afrika Kusini, Douala ya Kamerun na Jeddah ya Saudi Arabia, na kina mawazo mazito kuhusu watu wanavyokuwa wao wenyewe ndio miundombinu ya mji. Sentensi zake ni ngumu mno. Mtu wa shahada ya uzamivu atapata faida. Wa shahada ya kwanza atapata maumivu ya kichwa na nukuu mbili za kupamba insha.

Nje ya Afrika, kimoja tu ningekilipia: The Urban Villagers cha Herbert Gans, cha 1962. Alikaa West End ya Boston, mtaa wa Wamarekani wenye asili ya Italia, muda mfupi kabla haujabomolewa kwa jina la kuboresha mji. Kila aliyewahi kuona alama ya X nyekundu, ya kubomolewa, ukutani mwa nyumba yake akisome. Maofisa waliuita mtaa ule makazi duni. Gans, aliyekuwa mpangaji humo, aliona jamii yenye undugu na utaratibu wake.

Wenzangu wa Nairobi mnaweza kuniambia Dar si mji pekee, na ni kweli. Matatu cha Kenda Mutongi, cha 2017, ndicho mshirika wa Rizzo kwenu, ila Mutongi ni mwanahistoria na anawapa wenye magari nafasi kubwa: anawasifu kama wafanyabiashara waliojijengea sekta bila msaada wa serikali. Msomeni pamoja na Rizzo, mtaona konda na tajiri kila mmoja akipata mtetezi. Cha zamani zaidi ni The Comforts of Home cha Luise White, cha 1990, kuhusu ukahaba Nairobi ya kikoloni. Mada isikutishe. White anauandika ukahaba kama kazi: wanawake waliuza malazi, chai, chakula na maji ya kuoga pamoja na mengine, kwa wanaume ambao mshahara wao haukuwaruhusu kuwa na familia mjini. Baadhi yao fedha waliyoipata waliijengea nyumba Pangani na Pumwani, wakawa wenye nyumba, wakapangisha vyumba. Wanawake wenyewe waliozeeka mjini ndio waliomsimulia, na anawasikiliza kwa adabu. Kwa kipimo changu cha chumba cha kupanga, sijasoma cha Nairobi kinachokizidi, na ndicho ningemnunulia mwenzangu wa huko kabla ya Matatu.